Mazoezi si ya siku moja

Kila ifikapo tarehe 1 Januari, vikundi vya mazoezi ya viungo hapa Zanzibar hukusanyika, vikatembea na kukimbia kwa pamoja, na viongozi wa Serikali wakawa miongoni mwao. Ni desturi njema ambayo visiwa vyetu vina haki ya kujivunia. Bara nako, mwezi wa Desemba 2016, aliyekuwa Makamu wa Rais wakati huo, Samia Suluhu Hassan, aliwahimiza wananchi waitenge Jumamosi ya pili ya kila mwezi kwa ajili ya mazoezi. Wito haukukosekana. Linalotushughulisha leo ni yale yanayofuata baada ya siku kuu hizo kupita na sare kukunjwa.

Mwalimu mmoja wa mazoezi, ambaye kwa miaka mingi ameongoza kikundi mjini Unguja bila ya ujira wa maana, ametueleza maoni yake juu ya mitindo ya mazoezi iliyoenea siku hizi. Hana ugomvi na jambo jipya. Anachotaka ni kila mtindo upimwe kwa swali moja: Je, mtu aliyeuanza leo ataweza kuwa nao baada ya mwaka mmoja? Swali hilo ni jepesi kulitamka, lakini linagusa mambo mazito ya afya ya umma, na kwa hiyo tumeona ni wajibu wetu kulifikisha kwa wasomaji na kwa wakuu wa Serikali.

Tuanze na saa za mkononi na simu zinazohesabu hatua. Chama cha wataalamu wa tiba ya michezo cha Marekani, American College of Sports Medicine, ambacho kila mwaka hutoa orodha ya mitindo ya mazoezi, kiliviweka vifaa vya kuvaliwa mwilini katika nafasi ya kwanza kwa mwaka 2025. Vifaa hivyo vina faida, kwani humkumbusha mtu kuwa amekaa kitako tangu asubuhi. Hata hivyo, wengi wamefanywa waamini kuwa asiyetimiza hatua 10,000 kwa siku amefanya kazi bure. Asili ya idadi hiyo si hospitali. Ilienea kutoka Japani mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, pale kampuni moja ilipouza kifaa cha kuhesabia hatua na kukipa jina lenye maana ya kipimo cha hatua elfu kumi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019, juu ya wanawake wazee zaidi ya 16,000, ulionyesha kwamba waliotembea kiasi cha hatua 4,400 kwa siku walikuwa na vifo vichache kuliko waliotembea 2,700, na kwamba faida iliendelea kupanda hadi kiasi cha hatua 7,500, kisha ikatulia. Bibi anayekwenda sokoni na kurudi kwa miguu asivunjike moyo kwa hesabu iliyoanzia kwa wauzaji.

Mtindo wa pili ni mazoezi makali ya muda mfupi, ambayo wengi hujifunza kwa kutazama video. Mazoezi hayo yana manufaa ya kweli kwa mwenye mwili uliokwisha kuzoea. Kosa, kwa maoni ya mwalimu wetu, ni kuanzia huko. Mtu wa miaka 50 aliyekaa ofisini tangu ujana, mwenye uzito uliozidi na ambaye hajawahi kupimwa shinikizo la damu, huambiwa aruke, achuchumae na akimbie kwa kasi siku ya kwanza. Video haimwoni anavyohema. Haijui kuwa goti lake linamuuma, wala kuwa jua la saa nne limekwisha kuwa kali na hewa ya pwani imejaa unyevu. Aliyejikalifisha kupita kiasi aweza kuiharibu misuli yake hata mkojo ukageuka rangi kama chai, na hiyo ni dalili ya kukimbilia hospitali, maana mafigo yamo hatarini. Wahenga hawakukosea waliposema kuwa haraka haraka haina baraka.

Kunyanyua vyuma nako kumepata wafuasi wengi. Mwalimu anakusifu, ila anasikitika kuwa kumefanywa ni jambo la vijana wa kiume wanaotaka vifua vipana, ilhali wenye haja kubwa zaidi ya nguvu za misuli ni wazee, ambao anguko moja laweza kuwavunja nyonga na kuwalaza kitandani kwa miezi. Vivyo hivyo, mama mkulima wa mwani wa Paje au Jambiani, anayeinama majini kwa saa nyingi na kubeba mzigo mzito hadi pwani, hana haja ya kuambiwa akimbie. Anachohitaji ni kufundishwa namna ya kuinua mzigo na kuimarisha mgongo. Mazoezi ya karani na ya mkulima hayawezi kuwa mamoja.

Maoni haya hayapingani na elimu ya madaktari. Mwaka 1953, Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mjini London, wakaonyesha kuwa makondakta, waliokuwa wakipanda na kushuka ngazi kutwa nzima, walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva waliokaa tu. Ngazi za basi hazikuwa mtindo wa mazoezi. Zilikuwa sehemu ya kila siku ya kazi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, limewataka watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, kama vile kutembea kwa haraka, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kila siku. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Hapana hata tamasha moja, liwe kubwa namna gani, linaloweza kuzijaza kwa niaba ya wiki 52.

Sisi tunaamini kuwa hapa ndipo penye kazi ya Serikali. Kwanza, barabara inapojengwa au kupanuliwa, njia ya waendao kwa miguu isihesabiwe kuwa pambo. Mzee anayehofia kugongwa na bodaboda hatatoka kutembea, hata akihutubiwa mara mia. Pili, viwanja vya wazi vya mitaani vilindwe, na kipindi cha michezo katika skuli kisiwe cha kwanza kufutwa mitihani inapokaribia. Tatu, walimu wa vikundi wapewe mafunzo ya huduma ya kwanza, ya kupima shinikizo la damu na ya kuwaongoza wazee na wagonjwa wa kisukari. Mtu aliyekabidhiwa miili ya watu 50 kila alfajiri asiachiwe filimbi peke yake. Nne, mabaraza ya miji na masheha washauriane na akina mama juu ya mahali na wakati ambapo wao nao wataweza kufanya mazoezi kwa stara na usalama. Takwimu zilizotolewa mwaka 2024 kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani zilionyesha kuwa, kwa hesabu ya mwaka 2022, wanawake asilimia 34 duniani hawakupata mwendo wa kutosha, na wanaume asilimia 29. Tofauti hiyo haitokani na uvivu wa wanawake. Aghalabu hutokana na mzigo wa nyumbani na ukosefu wa nafasi.

Yapo watakaosema kuwa hayo yanahitaji fedha. Ni kweli. Lakini kiharusi nacho kina gharama, na gharama hiyo hulipwa na hospitali, na familia inayomuuguza baba asiyeweza tena kuinua mkono, na mtoto anayeacha masomo ili amhudumie. Kinga ni bora kuliko tiba, na katika jambo hili kinga ni rahisi pia.

Mwananchi naye asingojee mpaka njia na viwanja vikamilike. Aliyezidi umri wa makamo au mwenye maradhi na apimwe kwanza, kisha aanze kwa kutembea, asubuhi au baada ya alasiri jua lipungapo, na aongeze kidogo kidogo. Mtindo autakao na auchague mwenyewe, mradi uwe ule atakaoweza kudumu nao.