Jenerali aliyegeuka gavana

Ukitaja neno "gavana" sokoni Litein, msomaji mpenzi, kila mtu atakueleza habari za wale ambao tumewachagua kwa kura tangu ugatuzi uanze mwaka 2013. Lakini walikuwako magavana wengine ambao babu zetu hawakuulizwa kama wanawataka. Mmoja wao aliacha alama hapa kwetu Kericho, na jina lake ni Meja Jenerali Edward Northey.

Alizaliwa Uingereza mwaka 1868, akaingia jeshini akiwa kijana, akapigana India na Afrika Kusini. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alipelekwa Ulaya, na mwaka 1915 akajeruhiwa. Mwaka uliofuata akakabidhiwa jeshi la kuwafukuza Wajerumani kutoka kusini mwa Tanganyika. Jeshi hilo lilivuka mpaka kutoka nchi ambazo leo ni Malawi na Zambia, na mwezi Agosti 1916 likaingia Iringa.

Sasa jiulize, ni nani waliomfikisha Iringa? Huko hakukuwa na reli. Chakula na risasi vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi Waafrika. Katika vita hivyo vya Afrika Mashariki wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa njaa na magonjwa wala si kwa risasi.

Mapema mwaka 1919, Northey alifika Nairobi kuwa gavana. Mtu angedhani jenerali aliyeyaona mateso yale kwa macho yake angewakumbuka wote waliotumika. Alikumbuka upande mmoja tu. Chini ya utawala wake, mashamba zaidi ya 1,000 yaligawiwa Wazungu waliotoka vitani, kwa bahati nasibu iliyochezeshwa Nairobi na London. Hapa Kericho, maofisa waliolemaa vitani walitengewa ekari 25,000 za ardhi ya Wakipsigis wapande kitani, mmea unaotoa nyuzi za kufumia nguo.

Mwafrika naye alipewa nini? Fadhila ya punda ni mateke. Alipewa kipande cha kuning'iniza shingoni, asiweze kumwacha mwajiri bila ruhusa. Mwezi Oktoba 1919 serikali ya Northey ilitoa waraka ukiwataka maofisa na machifu wahimize watu kwenda kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu, wanawake na watoto wakiwemo. Maaskofu wakalalamika, na mwaka 1921 London ikaamuru maofisa waache kuwatafutia walowezi vibarua.

Tarehe 16 Machi 1922 umati ulikusanyika Nairobi kudai Harry Thuku aachiliwe. Polisi wakafyatua risasi, na watu zaidi ya 20 wakafa. Mwaka huohuo Northey aliitwa kwao, na Robert Coryndon akachukua nafasi yake. Northey alifariki mwaka 1953.

Na kile kitani cha Kericho? Bei ilianguka, na mradi ukafilisika baada ya miaka michache. Lakini ardhi haikurudi kwa wenyewe. Katikati ya miaka ya 1920 makampuni makubwa ya chai ya Uingereza yaliingia Kericho, na hadithi iliyobaki unaiona kila upitapo barabarani. Madai ya ardhi hiyo hayajazikwa, kwani mwaka 2022 wazee wa Kipsigis na Talai waliyafikisha katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Sisemi kwamba mwanajeshi hafai kuongoza raia. Jeshini, kamanda mwema huwatunza watu wa kikosi chake kwanza. Gavana hana kikosi. Akikalia kiti kile huku bado ana "watu wangu", basi wengine wote huwa wapagazi. Kipimo hiki hakikuwa cha Northey peke yake. Hata hawa tunaowachagua leo kinawahusu.

Jumapili hii, birika likiwa mezani, waulize babu na nyanya shamba la ukoo lilikuwa wapi kabla ya chai, na ni nani katika familia aliyekwenda vitani asirudi. Andika wanayokwambia, pamoja na majina. Wazee wakiondoka, huondoka nayo.