Nyumba ya Ibada na Jua la Delta: Somo la Makanisa ya Kigothi

Kamati ya kanisa inapokaa kupanga ujenzi, mara nyingi sura ya jengo huwa imekwisha kuamuliwa kabla ya kikao: madirisha marefu yenye ncha juu, mnara mbele, na vioo vya rangi fedha ikipatikana. Sura hiyo ilizaliwa kaskazini mwa Ufaransa katika karne ya 12, na leo imetua hata kwenye kuta za matofali ya saruji na mapaa ya mabati. Hoja yangu ni kwamba tumeiga umbo tukaiacha hekima iliyolizaa. Wajenzi wa Kigothi walilitazama jua la kwao, jiwe la kwao na imani yao, wakavifunga vitatu hivyo pamoja. Anayejenga nyumba ya ibada Kilelengwani, Ngao au Garsen atawafuata kwa kweli akilitazama jua la Delta ya Mto Tana, pwani ya Kenya, na jua hilo litamwelekeza kwenye jengo jingine kabisa.

Tuanze na walichokifanya. Kabla yao, makanisa mengi ya mawe ya Ulaya yalikuwa na matao ya nusu duara na kuta nene, kwa sababu tao la namna hiyo husukuma uzito kwa nguvu kwenda pembeni na ukuta mwembamba ungepasuka. Tao lenye ncha huupeleka uzito chini zaidi. Mafundi wakaliunganisha na mbavu za mawe zinazobeba dari, na baadaye na matao ya egemeo yaliyosimama nje ya jengo, hata ukuta ukapunguziwa kazi ya kubeba. Sasa uliweza kutobolewa na kujazwa kioo. Abate Suger wa monasteri ya Saint-Denis, karibu na Paris, alipozindua sehemu mpya ya madhabahu mwaka 1144, alikuwa na maana ya kidini: mwanga upitao kwenye kioo cha rangi humwinua mtu kutoka kwenye vinavyoonekana hadi kwa Mungu asiyeonekana. Kanisa kuu la Chartres, lililojengwa upya baada ya moto wa mwaka 1194, liliifikisha fikra hiyo mbali, kwa dari la mita 37 hivi na madirisha yaliyowasimulia Biblia watu ambao wengi wao hawakujua kusoma. Na tamaa ilipozidi, mawe yalijibu. Kule Beauvais dari la kanisa kuu lilipandishwa hadi mita 48, na sehemu yake ikaporomoka mwaka 1284.

Sasa tupime jua. Chartres iko nyuzi 48 kaskazini mwa Ikweta. Miezi ya baridi jua la huko hupita chini, siku ni fupi na mawingu ni mengi. Mtu wa huko ana kiu ya mwanga, na kanisa lilimpa kile alichokikosa. Kilelengwani iko nyuzi mbili na nusu hivi kusini mwa Ikweta. Hapa mkulima atokaye shambani na mfugaji atokaye malishoni hutafuta kivuli kwanza. Kioo kikubwa kisichofunguka, kikilikabili jua la asubuhi, hugeuza ibada kuwa mtihani wa kuvumilia joto. Tena dini zetu zote mbili, Ukristo na Uislamu, zimekitaja kivuli kwa heshima kubwa. Zaburi ya 121 humwita Bwana kivuli cha mja wake. Hadithi mashuhuri ya Mtume (S.A.W.) huwataja watu saba watakaowekwa kivulini na Mwenyezi Mungu siku ambayo hakuna kivuli ila chake. Mafundisho hayo yalitoka katika nchi za jua kali, nasi tunayaelewa kwa ngozi zetu. Ikiwa Suger aliisoma rehema katika mwanga, mjenzi wa Delta ana kila sababu ya kuisoma katika kivuli na upepo.

Ushahidi wa mawe uko karibu. Ungwana, mji wa kale wa Waswahili jirani na Kipini, ambao mwanaakiolojia James Kirkman aliuchimba na kuuandikia kitabu kilichotoka mwaka 1966, una magofu ya msikiti mkuu. Mafundi wa miji ya kale ya mwambao, kama Ungwana na Gedi, walijenga kwa matumbawe na chokaa, na walilijua vyema tao lenye ncha. Hawakulisubiri kutoka Ufaransa. Msikiti wa Ibn Tulun wa Cairo ulikuwa nalo tangu karne ya 9, zaidi ya miaka 250 kabla ya Saint-Denis, na wanahistoria wengi huona kwamba Ulaya ililipokea kutoka ulimwengu wa Kiislamu. Lakini mwambao ulilitumia kwa haja yake. Kuta zilikuwa nene, upana wa ndani ulifuata urefu wa boriti za mikoko, milango ilifunguka ubavuni, na mapambo yalikusanywa kwenye mihrabu, upande wa kibla, ambao kwetu ni karibu kaskazini barabara. Aliyeingia kutoka jua la utosi alipokewa na ubaridi na utulivu, akajua amefika mahali pa swala.

Hata wamisionari waliokuwa makini walijifunza. Askofu Edward Steere alianza kujenga kanisa kuu la Anglikana la Mkunazini, Zanzibar, mwaka 1873, mwaka uleule soko la watumwa lilipofungwa, na mahali palepale pa soko. Madirisha yana ncha ya Kigothi, lakini dari ni la zege lililochanganywa na matumbawe, na mapambo yamechukua mengi ya Kiarabu. Uzito wa maana yake unatoka ardhini: madhabahu yamesimama pale inaposemekana watumwa walichapwa. Kanisa Kuu la Kumbukumbu la Mombasa, linalomkumbuka Askofu James Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885, lina kuba na matao yenye sura ya misikiti ya jirani. Kanisa la All Saints la Nairobi lilikwenda njia nyingine. Jiwe lake la msingi liliwekwa mwaka 1917, na mchoro wa Temple Moore ulifuata Kigothi cha Uingereza. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600, inalivumilia jengo hilo kwa baridi yake. Delta haitalivumilia.

Wapo watakaosema kwamba kwa waumini wetu ncha ya dirisha ndiyo alama ya kanisa, na kuiondoa ni kuwanyang'anya urithi. Hoja hii ina uzito. Watu wa Ngao, ambako wamisionari wa Neukirchen wa Ujerumani walianza kazi mwaka 1887, wana haki ya kupenda walichorithi, na sisemi jengo lolote la zamani libomolewe. Lakini Ukristo uliishi zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Saint-Denis. Makanisa ya Lalibela, Ethiopia, ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya zama zilezile za Chartres, yalichongwa ndani ya mwamba, na hakuna anayethubutu kusema si makanisa. Urithi wa kanisa ni mpana kuliko ncha moja.

Wengine watasema usanifu ni anasa ya matajiri, na kijiji kinachopambana na mafuriko ya Tana kinahitaji paa tu. Nawajibu kwamba umaskini ndio unaotukataza kukosea. Mnara usio na kazi na kioo kisichofunguka vinakula fedha ambazo zingeinua sakafu juu ya maji, zikatanua baraza, na kutoboa tundu za kupitisha kusi na kaskazi. Wala hili si la Wakristo peke yao. Msikiti mpya unaonakili kuba na vioo vya nchi za Ghuba, kisha ukategemea feni mchana kutwa, umefanya kosa lilelile, ilhali Ungwana iko mlangoni.

Kwa hiyo kamati za ujenzi, za makanisa na za misikiti, zimwulize fundi maswali matatu kabla ya kuidhinisha mchoro: jua litaingia wapi, upepo utapita wapi, na maji ya mto yatafika wapi. Serikali ya Kaunti ya Tana River na Makumbusho ya Taifa waitunze Ungwana na kuifungua kama darasa la mafundi wetu, kwa kuwa hakuna shule ya usanifu iliyo karibu zaidi nasi. Matumbawe ya bahari tuyaache yaishi. Tunachohitaji kutoka Ungwana ni akili ya waliojenga. Tukifanya hivyo tutakuwa wanafunzi wa kweli wa Suger, tukimtukuza Mungu kwa kile ambacho nchi yetu inakihitaji.