Sarafu Iliyosuguliwa Haitoi Ushahidi

Wako watu wasemao kwamba sarafu kuukuu haina maana mpaka ing'ae. Waipatapo sarafu ya shaba ya makaisari wa Rumi, huisugua kwa mchanga, siki na brashi ya waya. Ikisha kumeta ndipo huuliza, "Je, ni ya kaisari yupi?" Watu hao humwua shahidi kwanza, kisha wakamtaka ushahidi.

Na tuutazame ushahidi wenyewe. Chukua sarafu yenye jina ANTONINVS, na neno PIVS, na alama TR P XV. Mwenye pupa atasema mara moja kwamba ni ya Antoninus Pius, aliyetawala tangu mwaka 138 hata 161. Lakini Caracalla naye, aliyekufa mwaka 217, aliyaandika majina hayo hayo katika sarafu zake. TR P ni mamlaka ya kuwatetea raia, ambayo kaisari alihesabu miaka yake kwa tarakimu. Mwaka wa kumi na tano wa Pius ulikuwa 151 hadi 152. Wa Caracalla ulikuwa 212. Miaka sitini imo kati yao! Nani atakata shauri? Pengine ni herufi nne tu zilizo ukingoni karibu na kichwa: BRIT, yaani mshindi wa Britania. Caracalla aliitwa hivyo kwa ajili ya vita vya huko. Pius hakuitwa hivyo kamwe.

Basi, ni wapi brashi ya waya inapoanza kula? Ni papo hapo, penye herufi ndogo zilizoinuka.

Watajibu kwamba sarafu chafu haisomeki. La! Udongo ni kitu kimoja, na ngozi ya sarafu ni kitu kingine. Udongo hulainika kwa kulowekwa katika maji yaliyotoneshwa, ukaondolewa pole pole kwa kijiti. Bali ile ngozi ya kijani au nyeusi ni shaba yenyewe iliyogeuka kwa kukaa ardhini karne nyingi, na mara nyingi maandishi yamo ndani yake, wala si chini yake. Aiondoaye huondoa maandishi pamoja nayo, wala hapana fundi awezaye kuyarudisha.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ipime sarafu uzito na upana wake. Igeuze mbele ya taa iliyowekwa ubavuni, vivuli vizionyeshe herufi. Linganisha uso, majina, na picha ya upande wa nyuma, kabla hujatamka jina la kaisari yeyote.

Enyi wanafunzi, sarafu inayong'aa bila maandishi ni kipande cha shaba tu. Ile iliyofifia, ikiwa imebakiza herufi nne, yaweza kutuambia ni ya nani na ya mwaka gani. Mimi naichagua hiyo ya pili, na kila apendaye kweli kuliko urembo hana budi kuichagua.