Kikulacho Si Lazima Kiwe Nguoni Mwako

Methali zetu zimejaa hekima, lakini zipo ambazo zikitumiwa mahali pasipo pake huwa silaha ya kumwonea mtu. Mojawapo ni ile isemayo kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Ni methali ya watu ambao mali yao ilikuwa ghalani, zizini, au chini ya mto wa kulalia, na ambao mwizi wao alilazimika kuifuata kwa miguu yake mwenyewe. Katika maisha ya namna hiyo, aliyejua kitu kilipofichwa mara nyingi alikuwa mtu wa karibu, na ilikuwa busara kuanza kuuliza nyumbani.

Lakini leo, ndugu msomaji, fedha zako haziko chini ya mto. Umezikabidhi benki, nayo imekupa kipande cha plastiki na tarakimu nne za siri. Nyumba zinamolala fedha hizo si yako, mlango si wako, na mlinzi hukumwajiri wewe. Hata hivyo zikiibwa, wa kwanza kuulizwa ni wewe, na wa pili ni watu wa nyumbani kwako. Nasema tangu mwanzo, ili asiwepo wa kunielewa vibaya: utaratibu huu ni dhuluma. Mwizi wa kadi humwibia mtu fedha mara moja, lakini benki inayomtaka mwathirika athibitishe kwamba hakujiibia humnyang'anya kitu kilicho ghali zaidi, yaani heshima ya neno lake na amani ya nyumba yake.

Sisemi haya kwa kusikia. Mwaka 2014 niliibiwa shilingi 1,600,000 kutoka katika akaunti yangu. Zilitolewa kwa mashine ya ATM iliyoko Mwanza, mara nne, shilingi 400,000 kila mara: mara mbili kabla ya saa sita usiku na mara mbili baada yake. Mwizi alijua kazi yake. Kiwango cha kutoa kwa siku huanza upya tarehe inapobadilika, kwa hiyo aliyechagua dakika zile alikuwa akivuna siku mbili kwa usiku mmoja. Mimi nilikuwa Dar es Salaam. Saa 3:10 usiku uleule nilitoa shilingi 50,000 kwa kadi yangu katika mashine ya mtaani kwetu, na muamala huo umeandikwa katika taarifa ileile ya akaunti, mstari mmoja juu ya ile minne. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara, na basi huchukua kutwa nzima. Asubuhi kadi ilikuwa mfukoni mwangu.

Mtu yeyote mwenye akili timamu angesoma mistari mitano ile na kuona kwamba kulikuwa na kadi mbili. Nilitoa taarifa benki asubuhi hiyohiyo, nikaenda kituo cha polisi nikapewa RB, nikajaza fomu, nikangoja. Baada ya majuma kadhaa niliitwa kuhojiwa. Ofisa aliyenipokea alikuwa mtu mpole, na swali lake la kwanza lilikuwa: "Mzee, nani nyumbani anayeijua namba yako ya siri?" Nilimjibu kuwa hakuna. Akatabasamu, akasema, "Mzee wangu, kikulacho ki nguoni mwako." Kisha akamtazama kijana aliyenisindikiza, mtoto wa marehemu dada yangu, aliyekuwa akiishi nami tangu akiwa darasa la tano, akamuuliza anafanya kazi gani. Kijana akajibu kwamba bado anatafuta. Ofisa akaandika.

Nilimwambia ofisa yule palepale kwamba kijana huyu alilala nyumbani usiku ule, na kwamba hakuna mtu wa nyumbani kwangu aliyeweza kuwa Mwanza. Hakubisha. Lakini neno likishatoka halirudi. Tulirudi nyumbani kwa daladala bila kuzungumza. Tangu siku hiyo, kila nilipotoa pochi yangu mezani, mpwa wangu aliinuka akatoka nje. Nikimtuma dukani aliniletea risiti ya kila kitu, hata ya kiberiti, na pasipokuwa na risiti alimwomba mwenye duka aandike kwenye kipande cha karatasi. Sikuwahi kumwomba afanye hivyo. Nilimkataza, akaniambia, "Ni vizuri tu, Mjomba, mambo yawe wazi." Nani alimfundisha kijana wa miaka ishirini na miwili kuishi na mjomba wake kama mshtakiwa aliyeachiwa kwa dhamana? Si mwizi wa Mwanza. Mwizi yule hata hajui kama kijana huyu yupo duniani.

Mwisho barua ya benki ilikuja. Ilisema kwamba miamala ilifanywa kwa kadi halisi na namba sahihi ya siri, kwa hiyo benki haina dhima, lakini kwa kuthamini uhusiano wetu wa muda mrefu italipa nusu ya fedha kama hisani. Shilingi 800,000 ziliingia katika akaunti. Wapo walionipongeza. Mimi nawauliza hadi leo: nusu ya nini? Ikiwa mimi ni mwongo, benki imempa mwongo shilingi laki nane za wateja wengine. Ikiwa ni mkweli, imebaki na laki nane zangu. Hakuna hesabu ya haki inayotoa jibu la nusu. Hisani ile ilikuwa bei ya kuninyamazisha, na ndiyo sababu naandika.

Hebu sasa tutazame kadi yenyewe. Kadi za wakati ule, kama yangu, zilibeba habari za mteja katika utepe mweusi wa sumaku ulio nyuma. Habari hizo hazibadiliki. Ni zilezile leo na kesho. Mwizi huweka kifaa kidogo mdomoni mwa mashine, kadi inapopita kifaa kinanakili utepe. Kamera ndogo iliyofichwa juu ya vitufe, au vitufe vya bandia vilivyobandikwa juu ya vile vya kweli, hunasa namba ya siri. Kisha habari hizo huandikwa kwenye kadi tupu. Mashine ikiisoma, haiwezi kutofautisha nakala na asili. Kwa hiyo benki iliposema kadi iliyotumika ilikuwa "halisi", ilikuwa ikisema tu kwamba mashine yake ilidanganyika. Na mashine ile, mdomo wake na vitufe vyake, iko chini ya ulinzi wa nani? Wangu au wa benki?

Wenye mabenki wanayajua haya vizuri kuliko mimi. Ufaransa iliweka chipu katika kadi zake za benki kufikia mwaka 1992. Uingereza ilifanya chipu na namba ya siri kuwa kawaida madukani mwaka 2006. Chipu hutoa alama mpya kwa kila muamala, kwa hiyo anayenakili alama ya leo haimfai kesho. Na makampuni makubwa ya kadi yalipotaka Marekani nayo ihamie kwenye chipu, yaliweka kanuni iliyoanza Oktoba 2015: wizi ukitokea dukani kwa kadi ya kughushi, hasara itabebwa na yule kati ya benki na mfanyabiashara ambaye hajaweka chombo kilicho salama zaidi. Angalia basi! Wakubwa wanapogawana hasara wao kwa wao, wanaulizana nani alikuwa na kufuli dhaifu. Inapofika zamu ya mteja, aliyepewa kufuli hilohilo dhaifu bila kuulizwa, swali linageuka na kuwa: nani nyumbani anayejua siri yako?

Wala hili si tatizo la nchi maskini peke yake. Huko Uingereza, askari polisi mmoja alirudi kutoka likizo mwaka 1992, akaona fedha zimetolewa katika akaunti yake kwa mashine. Akalalamika. Benki ikasema mitambo yake haikosei, na mlalamikaji akageuzwa mshtakiwa wa jaribio la udanganyifu. Alitiwa hatiani mwaka 1994. Ilimchukua hadi 1996 kusafishwa jina lake kwa rufaa, baada ya benki kukataa kuwaruhusu wataalamu wa utetezi kuikagua mitambo hiyohiyo iliyosemwa haikosei. Kama askari polisi wa Uingereza alifanywa hivyo, karani wa Tandika au mama muuza vitenge wa Kariakoo atasema nini?

Marekani walichagua njia nyingine. Sheria yao ya mwaka 1978 kuhusu uhamishaji wa fedha kwa njia ya elektroniki ilisema kwamba mteja anayetoa taarifa ndani ya siku mbili za kazi tangu ajue kuwa kadi yake imepotea au imeibwa hapotezi zaidi ya dola 50, na kwamba ni juu ya benki kuthibitisha kuwa muamala uliidhinishwa na mteja. Je, mabenki ya Marekani yalikufa? Hasha. Profesa Ross Anderson wa Cambridge, aliyechunguza wizi wa mashine hizi na kuchapisha matokeo yake mwaka 1993, alionyesha jambo ambalo kila mwenye kufikiri angelitazamia: pale ambapo hasara ni ya benki, benki hulinda mashine zake, pale ambapo hasara ni ya mteja, hulegea. Na asiniambie mtu kwamba haya ni ya matajiri. India, nchi yenye maskini wengi kuliko sisi, Benki Kuu yake ilitoa agizo mwaka 2017 kwamba wizi uliosababishwa na upungufu usio wa benki wala wa mteja, mteja akitoa taarifa ndani ya siku tatu za kazi, hadaiwi hata senti, na mzigo wa ushahidi ni wa benki.

Najua hoja itakayoletwa. Wataniambia kwamba wapo wateja waongo, na wapo wazembe wanaoandika namba ya siri nyuma ya kadi. Nakubali, wapo. Lakini kumbukumbu za mashine ziko kwa nani? Picha za kamera ziko kwa nani? Nani anayeweza kujua kama ulisomwa utepe au chipu, saa ngapi, na kama mashine ileile ililalamikiwa na wengine juma lile? Vyote viko mikononi mwa benki. Mwenye ushahidi ndiye autoe. Kumtaka asiye na chochote athibitishe, mbele ya aliyefungia kila kitu kabatini, si uchunguzi. Ni mchezo ambao mshindi anajulikana kabla haujaanza.

Wala kadi za chipu hazikulimaliza jambo hili. Lilihamia kwenye simu. Mwaka 2019 hadi Januari 2020 Watanzania tulipanga foleni kusajili laini kwa alama za vidole. Tuliambiwa utapeli utakoma. Tulitoa vidole vyetu. Hata baada ya hapo jumbe za "ile hela tuma kwenye namba hii" ziliendelea kuingia, na wapo ambao laini zao zilihamishiwa kwa watu wengine wakakuta akiba imekwisha. Kila mara dawa inayopendekezwa ni ileile: mwananchi atoe zaidi. Atoe kidole, atoe picha, abadilishe namba ya siri, awe macho. Sijasikia mara nyingi dawa inayoanza na maneno "kampuni italipa". Uingereza walifika huko Oktoba 2024, walipoanza kuyalazimisha mabenki kuwarudishia wateja waliolaghaiwa wahamishe fedha, hadi pauni 85,000. Hata aliyedanganywa kwa maneno analipwa, sembuse aliyeibiwa akiwa amelala!

Kwa hiyo nadai mambo matatu, na nadhani hakuna hata moja lililo kubwa mno kwa Bunge letu na Benki Kuu yetu. Kwanza, mteja aliyetoa taarifa mapema arudishiwe fedha zake zote ndani ya siku zinazojulikana, na uchunguzi uendelee huku fedha ziko kwake. Pili, benki inayokataa kulipa itoe ushahidi wake kwa maandishi, si sentensi moja ya "namba sahihi ya siri". Tatu, ofisa wa benki asiruhusiwe kumtilia mashaka jamaa wa mteja bila ushahidi. Kumtuhumu mtu wizi ni jambo zito, na suti na tai haziligeuzi kuwa huduma kwa wateja.

Nawe msomaji, yakikufika, usikubali kuondoka kaunta kwa maneno matupu. Omba kwa maandishi: mashine ipi, saa ngapi, utepe au chipu, na picha ya kamera iko wapi. Weka nakala ya kila barua. Na wakikuuliza nani nyumbani kwako anayeijua siri yako, waulize wao kwanza nani katika jengo lao anazilinda mashine zao, na lini mara ya mwisho alizikagua. Kisha kaa kitini, ungoje jibu.