NJIANI HAKUNA KITU?

Nilikuwa nimeahidi kuandika habari za Mafia, fukwe, papa potwe na raha nyingine za namna hiyo. Samahani, nimeshindwa. Kuna jambo limenikaa kooni tangu Jumapili na nisipolitoa silali.

Jumapili nilikuwa kwa mshkaji wangu mmoja Sinza, tulisoma wote Mlimani. Yeye na wenzake watano walikuwa ndio kwanza wamerudi Mafia. Wakatuonyesha picha, nyingi ajabu: Kilindoni, Utende, Chole, magofu ya Kua kule kisiwani Juani, papa potwe mkubwa kama kipanya. Nzuri, sikatai. Nikauliza, "Za Delta ziko wapi?" Akanitazama kama mtu niliyemwuliza bei ya mafuta ya taa. "Delta gani tena? Njiani hakuna kitu bwana, tulilala mpaka Nyamisati."

Njiani hakuna kitu! Na wote sita wana digrii.

Hebu tuipitie hiyo njia. Unapandia gari Mbagala Rangi Tatu, unapita Mkuranga, Kimanzichana, Jaribu Mpakani, unafika Bungu. Hapo anayekwenda Mafia anakata kushoto kwenda Nyamisati kupanda kivuko, na anayekwenda Kibiti mjini, Ikwiriri na kusini ananyoosha. Toka Dar mpaka Kibiti haifiki kilometa 150. Morogoro ni mbali zaidi, na Morogoro tunakwenda kula nyama choma tu na kurudi jioni.

Ukishaondoka Nyamisati unapita pembeni ya msitu mkubwa kuliko yote ya mikoko Afrika Mashariki, zaidi ya hekta 50,000. Ule si uchafu wa pwani, ni duka la vifaa vya ujenzi lililojenga nusu ya dunia tunayoipigia picha. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti za mikoko hapa kwenda Oman na Ghuba, nchi ambazo hazina miti mirefu ya kuezekea. Zanzibar nako ni hivyo hivyo. Mkifika Mji Mkongwe mnasema eti vyumba vyao vyembamba utadhani korido. Ndugu yangu, vyumba ni vyembamba kwa sababu boriti ya mkoko ina urefu wake, na urefu huo ndio ulioamua upana wa chumba cha tajiri. Rufiji ilikuwa moja ya sehemu kubwa zilizotoa boriti hizo. Mnalipia kiingilio kuangalia dari, aliyekata mti mnamlalia usingizi.

Tusonge. Profesa Felix Chami wa pale pale Mlimani tuliposoma alichimba Mkukutu, hapo Rufiji, akapata shanga za Kirumi, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1999. Miaka karibu elfu mbili iliyopita mabaharia wa Bahari ya Shamu waliandika habari za mji wa biashara ulioitwa Rhapta, wa mwisho kabisa katika pwani hii, na Chami anasema mji huo ulikuwa pande hizi za Rufiji. Wengine wanabishana naye, sawa, wasomi kazi yao kubishana. Lakini mimi nilimaliza miaka mitatu pale chuoni nikijua tarehe za wafalme wa Ufaransa, na neno Rhapta nililisikia kwanza kwa Mjerumani mmoja mtalii niliyekutana naye kwenye boti. Niliona aibu mpaka nikajifanya nalijua.

Halafu kuna ile meli, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo hasira yangu ilipoanzia. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliingia Zanzibar asubuhi ikaizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus. Ikarudi kujificha kwenye mito ya Delta, mikoko ikaifunika. Waingereza wakaziba midomo ya mto, wakaiteka Mafia Januari 1915 na kuifanya kituo cha ndege za kuitafuta na kuelekeza mizinga. Ikawachukua mpaka Julai 11, 1915, kwa meli mbili fupi za kina kidogo, Severn na Mersey, ndipo nahodha wake, Max Looff, akaizamisha mwenyewe. Wajerumani wakaing'oa mizinga yake kumi ya milimita 105, wakaikokota nchi kavu na kuipigania vita yote iliyobaki. Hiyo "wakaikokota" isomeni taratibu. Mizinga haikukokotwa na Wajerumani. Ilikokotwa na Waafrika, kwa kamba na mabega.

Sasa nendeni mkautazame. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine mbele ya majengo ya serikali Pretoria. Mimi mwenyewe nimepiga picha na ule wa Mombasa, nikacheka meno yote nje, sikujua umetoka nyumbani. Nilipokwenda Delta mwaka jana nikauliza wapi nitaona chochote cha meli hiyo, nahodha wetu akanionyesha kwa kidole maji ya tope. Vyuma vilishakatwa, vilivyobaki vimemezwa. Hapakuwa na kibao wala jiwe lenye maandishi.

Mnaona mchezo? Mizinga yetu inatazamwa Mombasa, boriti zetu zinatazamwa Zanzibar na Oman, na maji yetu yanatazamwa kwenye taa. Ndiyo, maji. Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, ni mto huu huu, na lilianza kujazwa Desemba 2022. Mimi si mpinzani wa umeme, naandika haya kwa umeme. Ila Delta ilijengwa na tope lililoletwa na mto, na mpunga wa kule unaishi kwa maji baridi kuisukuma nyuma bahari. Ukibadilisha mwendo wa mto umebadilisha shamba la mtu. Aprili 2024 mafuriko yalipoikumba Rufiji na Kibiti, mijini tulibishana wiki mbili: mvua au bwawa? Mabishano yakaisha maji yalipopungua, kana kwamba na watu wamekauka pamoja na maji.

Mzee mmoja kisiwani alinipokea vizuri sana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniwekea wali wa nazi na kamba, halafu akauliza kazi yangu. Nikasema mwandishi wa habari. Akatabasamu. "Ninyi wanangu mnakuja na maji, mnaondoka na maji." Sikuwa na la kujibu. Niliporudi ofisini nilimwambia mhariri wangu nina stori ya mpunga unaoliwa na chumvi. Akasema Delta haiuzi, labda kuwe na vifo.

Vifo. Haya, basi tuseme.

Kati ya 2015 na 2017 Kibiti iliuza sana magazeti. Viongozi wa vijiji waliuawa, wananchi waliuawa, na Aprili 13, 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa siku moja. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku. Sisi huku Dar tukawa tunalitamka jina la Kibiti kama jina la ugonjwa. Aliyekuwa anaandika kutoka ndani alikuwa Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa Mwananchi, mkazi wa Kibiti. Novemba 21, 2017, kwa maelezo ya mkewe, alifika shambani akiwa ndani ya gari jeupe na watu ambao mkewe hakuwajua, akasema ana safari ya dharura. Hajarudi mpaka leo. Julai 2019 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba Azory alitoweka na kufa, halafu baadaye akasema alieleweka vibaya. Sasa tueleweje vizuri? Hakuna aliyetuambia.

Nimemleta Azory kwenye habari za utalii kwa makusudi. Wengine wote tuliangalia Kibiti kwa dirisha la basi. Yeye aliishi pale, alijua jina la mwenye duka na jina la aliyezikwa jana. Na tangu atoweke, ile "njiani hakuna kitu" si uvivu wa watalii peke yao. Ni woga wetu waandishi, mimi nikiwemo, tulioamua kwamba mahali penye swali gumu ni pa kupita tukiwa tumelala.

Najua mtakayoniambia. Kule kuna mbu, hakuna hoteli, simu inakata. Kweli kabisa, niliumwa na mbu mpaka kwenye kope. Mtaniambia pia maskini si kivutio. Na mimi nasema hivyo hivyo, sitaki mtu aende kupiga picha madungu ya watu waliopanda juu kulinda mpunga na nguruwe, halafu aandike "maisha halisi". Lakini Kua ni magofu ya watu waliovamiwa na kuuawa, mbona pale mlisimama kwa adabu mkamsikiliza mtembezaji saa nzima? Mlimpa heshima kwa sababu aliwaambia kilichotokea. Kibiti hakuna aliyelipwa kueleza kilichotokea, na anayejieleza mwenyewe bila kulipwa hatumsikilizi.

Mshkaji wangu kaniambia wanarudi tena Mafia Desemba na kuna nafasi moja kwenye gari. Nimeichukua, nauli yangu nimeshalipa nusu. Nimemwekea sharti moja tu, amelalamika lakini amekubali: tukifika Bungu hatukati kushoto siku ya kwanza. Tunanyoosha, tunalala Kibiti.