Manzese Nako Ni Kwetu

Ndugu chipukizi wenzangu, leo sina maneno matamu.

Mzee mmoja wa kazi ya uchapishaji amenirudishia mswada wangu. Kurasa 140, nimeziandika kwa mkono, nyingine kwa kibatari umeme ulipokatika. Akaniambia: "Kijana, mwacha asili ni mtumwa. Nenda kijijini kwa babu yako ukaandike huko. Hapa Manzese kuna nini?"

Kuna nini! Mimi nimezaliwa Manzese na kidato cha nne nimemalizia hapahapa. Kijiji cha babu nimekiona mara mbili, zote msibani. Nikikiandika nitaweka mto, mbuyu na jogoo anayewika, basi. Wenye kijiji watanicheka.

Wanaotutuma kijijini humtaja Kezilahabi. Haya, tumtaje. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, na Rosa Mistika (1971) akaiweka Namagondo hiyohiyo. Kijiji hakukitafuta; ndicho kilichomlea. Naye Adam Shafi, mtoto wa Unguja, katika Kuli (1979) alituingiza bandarini, kwa wachukuzi na mgomo wao wa mwaka 1948. Bandari ni mjini, jamani! Mbona hatusemi ameacha asili?

Kwao mwandishi ni pale anapopajua bila kuuliza. Mimi najua ndoo ya maji inavyopanda bei bomba likikauka. Najua mama mwenye nyumba anavyobisha hodi siku ya kodi, na mpangaji anavyojifanya kalala huku redio inaimba. Najua konda anavyomzibia mwanafunzi mlango wa daladala. Hiyo ndiyo asili yangu, mzee wangu. Nikiiacha, hapo ndipo nitakuwa mtumwa.

Lakini na sisi vijana tusijisafishe. Hadithi yangu ya kwanza niliiweka New York, jasusi wangu anakimbizwa kwenye theluji. Theluji yenyewe niliiona kwenye video! Kumbe mimi na yule mzee kosa letu ni moja: sote tulidhani riwaya inakaa kwa watu wengine.

Mswada sijauchana. Naunakili upya, kwa mwandiko safi, niupeleke kwingine. Nawe wa Tandale, wa Kirumba, wa Majengo, kaa kibarazani uandike mtaa wako. Ukiuacha, utaandikwa na mpita njia aliyeuona kupitia dirisha la gari. Halafu tutalalamika nini?