Nani Anadeka Hapa?

Jamani, niwieni radhi kwa ukimya wa wiki tatu. Msimu wa kahawa umetubana huku Embu. Mizani za viwandani zimekubaliana kuharibika zote kwa wakati mmoja, na anayepigiwa simu saa kumi na mbili asubuhi ni mimi. Najua niliahidi makala kuhusu kuhamisha hifadhidata bila kuzima mfumo. Itakuja. Leo nina donge kooni na lazima nilitoe kwanza.

Jumapili nilikuwa Runyenjes kwa baba mdogo. Tulikuwa watu wa nyumbani tu, pamoja na mzee mmoja wa Meru ambaye mwanawe ameoa kwetu. Chai, nduma, bei ya kahawa, mvua. Halafu mazungumzo yakaingia kwa vijana wa vyuo vikuu na baba mdogo akatoa hukumu: vijana wa siku hizi ni mayai. Ukiwagusa tu wamepasuka. Mhadhiri akiwakaripia wanamwanika mtandaoni, mzazi akiuliza alama wanasema wana msongo wa mawazo, na wakiambiwa ukweli wanabloki mtu.

"Sisi tulipigwa, tukafukuzwa, na hatukumlilia mtu," akasema. Yule mzee wa Meru akaitikia kwa kichwa, akaongeza kwamba vijana wamekosa adabu kwa sababu wamekosa kiboko.

Nikanyamaza. Baba mdogo ndiye aliyenilipia karo ya muhula wa kwanza, na mtu hamjibu baba yake mdogo mbele ya wakwe. Lakini hapa ni kwangu, kwa hiyo nitajibu.

Tuanzie karibu na nyumbani. Desemba 21, 2024, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye miaka 24 alikuwa kwa kinyozi hapa Embu mjini. Watu wenye silaha waliofunika nyuso walifika kwa magari, wakamchukua, wakaondoka. Kosa lake, kwa kadiri mtu yeyote alivyoweza kueleza, lilikuwa picha ya Rais akiwa ndani ya jeneza aliyoiweka mtandaoni, picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba. Jina lake lilijaa kila mahali wakati ule na sitalirudia, kijana amejulikana vya kutosha. Polisi walikana kuhusika. Vijana wa Embu waliingia barabarani kudai arudishwe. Krismasi ikapita, mwaka mpya ukapita, na alirudi nyumbani Januari 6, 2025. Wengine waliotekwa kwingineko nchini waliachiliwa siku hiyo hiyo. Tume ya haki za binadamu, KNCHR, ilikuwa imeshahesabu visa 82 vya namna hiyo tangu Juni ya 2024.

Picha yenyewe haikunipendeza. Kwetu hatuchezei jeneza, na kama angekuwa mdogo wangu ningemwambia aitoe. Lakini hebu tuulize swali la baba mdogo kwa ukamilifu. Katika kisa hiki, ni nani aliyeguswa kidogo akapasuka? Mwanafunzi aliweka mtandaoni picha iliyotengenezwa kwa programu ambayo mtoto wa darasa la sita anaweza kuitumia. Mtu fulani mkubwa akaudhika. Na kuudhika kwake kulikuwa na magari, bunduki, na mahali pa kumficha mtoto wa watu kwa siku 16. Sisi tukiudhika tunabloki. Hiyo ndiyo silaha yetu nzito kuliko zote!

Rais mwenyewe, akizungumza Homa Bay mwishoni mwa Desemba hiyo, aliahidi kwamba utekaji utakoma, na papo hapo akawataka wazazi wawaangalie watoto wao. Unaona jambo linavyogeuzwa? Watu wenye bunduki wanamnyakua mtu kwa kinyozi, na mwisho wa hotuba tunaambiwa tatizo ni malezi. Wazee wakisikia neno malezi wanaitikia kwa kichwa, kama mzee wetu wa Meru na nduma yake mkononi.

Kisa cha pili kinanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Mei 30, 2025, Rose Njeri, mtengenezaji wa programu kama mimi, alikamatwa Nairobi. Alikuwa ameunda tovuti. Unaingia, unabonyeza kitufe, na barua pepe yenye hoja za kupinga baadhi ya vifungu vya Mswada wa Fedha wa 2025 inakwenda kwa kamati ya fedha ya Bunge. Basi. Hakuna nenosiri lililovunjwa, hakuna data iliyoibwa. Bunge lenyewe, kwa Kifungu cha 118 cha Katiba, lina wajibu wa kuwashirikisha wananchi katika kutunga sheria. Yeye aliwarahisishia wananchi kushiriki. Alilala ndani usiku nne, wikendi ya Madaraka ikapita akiwa seli, kisha akashtakiwa kwa kuingilia mfumo wa kompyuta. Juni 20 hakimu alitupa mashtaka kwa sababu hayakuonyesha kosa lolote.

Nieleze kidogo kwa wasiokuwa wa fani hii. Sanduku la barua pepe likipokea ujumbe mwingi kuliko lilivyozoea, kuna dawa nyingi: unaweka foleni, unaweka kichujio, unafungua folda ya pili, unaongeza nafasi. Mimi mwenyewe nimewahi kuangusha seva ya mteja mchana kweupe kwa kutuma risiti za mwezi mzima kwa mpigo. Mteja alinitukana kwa simu kwa dakika kumi (kwa haki kabisa), nikaweka foleni, tukaendelea. Hakuna aliyeita polisi. Ofisi ya umma inayoomba maoni, kisha inaona kupokea maoni mengi ni shambulio, hiyo ndiyo inayodeka.

Sasa turudi kwa baba mdogo na "hatukumlilia mtu". Yeye alikuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1 chuo kilifungwa na kikakaa zaidi ya mwaka bila kufunguliwa. Mwenyekiti wa chama cha wanafunzi, Titus Adungosi, alifungwa miaka 10 kwa uchochezi na akafia gerezani 1988. Baba mdogo alirudi Runyenjes na sanduku lake, akawa anaripoti kwa chifu. Hadithi hiyo nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na kila mara anaisimulia kwa hasira, sauti ikipanda. Vizuri! Ana haki ya hasira. Ila huwezi kusimulia kwa miaka arobaini jinsi ulivyoonewa kisha ukasema kizazi chako hakikulalamika. Walilalamika sana. Waliandika, walipiga kelele, waliandamana. Na mzee wetu wa Meru amkumbuke wakili wa kwao, Gitobu Imanyara, aliyetiwa ndani 1990 kwa sababu ya jarida, The Nairobi Law Monthly. Karatasi! Serikali nzima yenye jeshi ilikuwa inaogopa karatasi. Wakati ule wakubwa waliwaita watu kama hawa wakosa adabu. Leo baba mdogo anayatumia maneno yale yale kwetu, na sidhani anakumbuka aliyasikia wapi mara ya kwanza.

Halafu kuna Nchiru. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kiko pale, kwenye ardhi iliyotolewa na Njuri Ncheke, wazee wa Ameru, ambao makao yao makuu yako pale pale Nchiru. Nimepita barabara ile ya kwenda Maua mara nyingi na kila mara nawaza jambo hilo: wazee walikata ardhi yao wenyewe wakawapa vijana wakasome. Hakuna alama kubwa ya imani kuliko hiyo. Na ni hapo ambapo Februari 27, 2018, Evans Njoroge, katibu mkuu wa chama cha wanafunzi, aliuawa kwa risasi siku ya maandamano ambayo polisi walikuwa wakiyatawanya. Wanafunzi walikuwa wanalalamikia karo na huduma. Karo, jamani. Hakuna mtu aliyekuwa analilia hisia zake. Kwa hiyo mtu akiniambia wanafunzi wa siku hizi wanapigia kelele vitu vidogo, namwuliza ni kipi kati ya hivi kilikuwa kidogo.

Wazee wetu wanapenda kutukumbusha mila. Sawa, tuzikumbuke zote. Waembu walikuwa na nduiko, Ameru wakaiita ntuiko: sherehe ambayo upande uliotawala unakabidhi uongozi kwa upande wa pili. Embu ilikuwa Nyangi na Kimanthi, Meru ikawa Kiruka na Ntiba, kwa zamu. Hukungoja mpaka mzee afe au achoke. Wakati ukifika, unakabidhi. Kwa lugha ya kazi yangu, mfumo ulikuwa na tarehe ya lazima ya kubadilisha nenosiri la msimamizi. Tumebaki na sehemu ya mila inayosema vijana wawaheshimu wazee, ile inayosema wazee wapishe tumeiacha kwenye vitabu vya historia.

Haya, nimewasema wakubwa vya kutosha. Najua baadhi yenu wa miaka ishirini na kitu mnasoma hapa mkichekelea. Ngojeni.

Mwaka jana tulikuwa na mwanafunzi wa uanagenzi kazini kwetu kwa miezi mitatu. Mwerevu. Tunatengeneza mfumo wa kurekodi kilo za kahawa ambazo mkulima analeta kiwandani. Wiki ya nne alileta msimbo wake nikaukagua, na nikaandika pembeni, mbele ya kila mtu kwenye timu, "Nani ameandika huu upuuzi?" Nilikuwa nafanya nilivyofanyiwa. Nikiwa mwaka wa pili mhadhiri alisoma msimbo wangu kwa sauti mbele ya darasa lote huku wakicheka. Kijana hakunijibu. Jioni aliandika kwa mkubwa wetu kwamba maneno yangu yamemuumiza na hawezi kufanya kazi mazingira haya. Nami nikasema maneno yale yale ya baba mdogo, karibu neno kwa neno. Mayai.

Tukabishana wiki mbili. Vikao vitatu! Yeye akisema lugha yangu ni mbaya, mimi nikisema dunia haibembelezi mtu. Mwishowe aliondoka kabla ya muda. Baada ya hapo ndipo nilipousoma tena ule upuuzi na kuona alikuwa anajaribu kurekebisha nini. Mfumo wetu ulikuwa unakata desimali za kilo badala ya kuzihifadhi. Mkulima akileta kilo 23.8, kitabu kinasema 23. Aliliona, mimi sikuliona. Kwa wiki mbili nzima tulizungumzia nani ameumizwa na nani anadeka, na kila asubuhi akina mama walikuwa wanapanga foleni kwenye mizani na kupoteza gramu zao.

Nilirekebisha, tukakokotoa upya, watu wakalipwa tofauti. Kijana nilimwomba radhi, akajibu kwa neno moja: "Sawa." Nilistahili hilo neno moja.

Lakini hata yeye alikosea, na hili nalisema kwa sababu naliona kila siku kwa wenzangu. Alikuwa na hoja nzito mkononi, kilo za watu, akaiacha mezani akabeba ile nyepesi. Tumezoea kwamba ukisema "nimeumizwa" mjadala umeisha na umeshinda. Kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa labda. Mbele ya wenye nguvu hilo ni neno hatari, kwa sababu wao pia wanalijua, na wao wana sheria. Someni kifungu cha 27 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018. Ujumbe unaomwathiri mtu vibaya, au wa kuchukiza mno, unaweza kukupeleka jela hadi miaka 10 au faini hadi shilingi milioni 20. Oktoba 2025 Rais alitia sahihi marekebisho yaliyokipanua kifungu hicho, na wiki moja baadaye Mahakama Kuu ikayasimamisha kwa muda kwenye sehemu hiyo. Wengine wetu tulishangilia tulipoona maneno kuhusu unyanyasaji wa mtandaoni, tukadhani ni ngao yetu. Fikirieni ni nani atakayekwenda kituoni na kusikilizwa akisema ameathirika vibaya: mwanafunzi wa Nchiru aliyetukanwa, au mheshimiwa aliyechorwa?

Kwa hiyo mimi sitaki sheria inayopima maumivu ya moyo, hata kama leo moyo ni wangu. Nataka nitukanwe na niweze kutukana, na tukimaliza mtu aangalie mizani.

Baba mdogo hasomi hapa, ila binti yake anasoma na najua atamwonyesha. Mwambie Jumapili nakuja tena, nitabeba sukari, na ile hadithi ya 1982 naitaka yote, kuanzia siku alipokwenda kuripoti kwa chifu.